Maswali ya Wasomaji: Tawi la Git likifutwa, kazi huenda wapi?

Barua tulizochagua safari hii zinahusu kufuta matawi na kuyaunda upya, kwenye Git na kwenye Subversion, mifumo miwili ya kutunza historia ya mradi wa programu. Amri zote ni za kuandikwa kwenye terminali, ukiwa ndani ya folda ya mradi. Majina ya matawi na namba za komiti (hatua za kazi zilizohifadhiwa) ni mifano, weka za kwako.

SWALI: Hamjambo wataalamu. Nilikuwa na tawi linaloitwa ripoti-mauzo kwenye kompyuta yangu, lenye kazi ya siku tatu. Nikitaka kufuta tawi jingine nikakosea jina, na kwa kuwa nilitumia -D (kufuta kwa lazima), Git haikuniuliza chochote. Sikuwa nimelisukuma kwenye seva. Nimepoteza kazi yote?
*Mwanafunzi, Morogoro*

JIBU: Pole kwa mshtuko. Kila ulichokifanyia komiti bado kipo kwenye diski yako. Tawi katika Git si sanduku lenye kazi ndani yake. Ni jina tu, na kwa kawaida jina hilo ni faili dogo ndani ya .git/refs/heads lenye mstari mmoja: namba ya komiti ya mwisho, yenye herufi na tarakimu 40. Ukihesabu na alama ya kumaliza mstari, faili zima lina baiti 41. Ulichofuta ni hizo baiti 41. Komiti zenyewe hazikuguswa, ila sasa hakuna jina linalozielekea.

Kama dirisha la terminali bado liko wazi, rudi juu ulikofutia. Git huandika mstari kama huu:

Deleted branch ripoti-mauzo (was 7c41e9b).

Namba iliyo mwishoni ndiyo unayoitafuta. Andika:

git branch ripoti-mauzo 7c41e9b

Tawi limerudi na historia yake yote, kwa sababu kila komiti inamjua mzazi wake.

Kama dirisha umeshalifunga, tumia:

git reflog --date=iso

Hilo ni daftari la mahali pote ulipopita kwenye nakala hii ya mradi, la karibuni likiwa juu. Kila tawi huwa na daftari lake pia, lakini hilo hufutwa pamoja na tawi, kwa hiyo usilitafute. Linalobaki ni la HEAD, yaani la mahali ulipo. Tafuta mstari unaosema "checkout: moving from ripoti-mauzo to main". Hapa wengi hukosea: namba iliyo kwenye mstari huo ni ya main (tawi kuu), yaani ulikofika. Komiti ya mwisho ya ripoti-mauzo iko kwenye mstari unaofuata *chini yake*. Hakikisha kwanza kwa git log --oneline -5 pamoja na namba hiyo. Ukiona ujumbe wako wa komiti, unda tawi kama tulivyoeleza.

Ikiwa hata daftari halikusaidii, ipo njia ya tatu:

git fsck --no-reflogs --lost-found

Amri hii hupekua hazina nzima ya mradi na kuorodhesha komiti zisizo na jina linalozielekea. Bila --no-reflogs haitazionyesha zile ambazo daftari bado linazikumbuka, na mtu hudhani hakuna kitu. Fungua moja moja kwa git show hadi uipate yako. Kama kuna mafaili uliyoyafanyia git add bila komiti, nayo yanaweza kuokotwa kwa njia hii: maudhui yao huwekwa kwenye .git/lost-found/other, bila majina, na utayatambua kwa kuyasoma. Ambacho hakikufanyiwa git add wala komiti, Git haikuwahi kukihifadhi.

Muda unao, ila si wa milele. Kwa mipangilio ya kawaida, mistari ya daftari inayohusu komiti zisizofikiwa kutoka ulipo sasa huhifadhiwa siku 30, na mingine siku 90. Zikiisha, usafishaji wa Git (git gc) unaweza kuzifuta kabisa komiti zilizoachwa. Kwa hiyo usiendeshe git gc --prune=now leo. Wala usifute folda ili upakue mradi upya, maana daftari halitoki kwenye seva. Liko kwenye kompyuta hiyo peke yake.

Jambo moja dogo: ukilirudisha tawi, halirudi na mipangilio yake. Sehemu ya tawi hilo ndani ya .git/config nayo ilifutwa, hivyo git pull haitajua ivute wapi. Mara utakapolisukuma, tumia git push -u origin ripoti-mauzo.

SWALI: Kazi yangu imeshaunganishwa kwenye main, nimeona kwa macho yangu kwenye seva. Lakini git branch -d inakataa na kusema tawi halijaunganishwa kikamilifu. Nilazimishe kwa -D?
*Msomaji, Kisumu*

JIBU: Usilazimishe kabla hujajua kwa nini inakataa. Git hailinganishi maudhui. Inauliza swali moja: je, komiti ya mwisho ya tawi hili ni miongoni mwa mababu wa tawi la seva linalofuatwa nalo, au, kama halipo, wa mahali ulipo sasa? Timu yenu ikiwa na desturi ya kubana komiti zote za tawi kuwa moja wakati wa kuunganisha, komiti iliyoingia main ni mpya kabisa, ina namba yake, na zako za awali si mababu wa chochote. Mistari ya msimbo imo, nasaba haimo. Basi -d inakataa, na kwa kipimo chake iko sahihi.

Kwanza sasisha: git switch main, halafu git pull. Kisha fanya muungano wa majaribio:

git merge --no-commit --no-ff tawi-langu
git diff --cached
git merge --abort

Kama amri ya pili haionyeshi kitu, hakuna mstari hata mmoja wa tawi lako ambao main haina, na -D haitakudhuru. Ukiona mabadiliko, yasome: huenda ulisukuma komiti moja baada ya ombi lako la kuunganisha kukubaliwa, nayo ikabaki nje. Hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mgongano ukijitokeza, mara nyingi ni kwa sababu mtu mwingine ameshagusa mistari hiyohiyo ndani ya main. Hapo itakubidi uamue kwa kusoma.

Timu isiyobana, bali inayopanga komiti upya juu ya main, ina njia fupi zaidi: git cherry -v main tawi-langu. Komiti yenye alama ya kutoa imeshaingia main, yenye alama ya kujumlisha bado.

Tahadhari ya upande wa pili: -d ikikubali si ushahidi kwamba kazi imefika main. Ikiwa tawi lako liko sawa na nakala yake ya seva, Git italifuta hata kama main haijaliona, na itakupa onyo fupi tu ambalo wengi hawalisomi.

SWALI: Tawi letu la dev limechafuka: majaribio yaliyoachwa njiani, komiti za kurudisha komiti, kila kitu. Kiongozi wetu alilifuta kwenye seva na kuliunda upya kutoka main. Kesho yake asubuhi uchafu wote ulikuwa umerudi, na kila mtu anaapa hakufanya kitu. Imekuwaje, na tufanyeje mara hii?
*Timu ya watu sita, Dar es Salaam*

JIBU: Tunawaamini. Aliyeurudisha huenda aliandika git pull na git push tu, kama afanyavyo kila siku.

Tazameni ilivyokwenda. Seva ilipofuta dev, dev zilizo kwenye kompyuta sita hazikufutika. Kila mmoja alibaki na jina lilelile likielekea komiti ya zamani. Sasa kulikuwa na hali mbili. Kama main ilikuwa imesogea kwa komiti ambazo dev ya zamani haikuwa nazo, git pull ilikuta njia zimeachana. Toleo la 2.33 na yaliyofuata husimama na kutaka uchague namna ya kupatanisha, ila aliyeshaweka mpangilio wa kuunganisha, au mwenye toleo la zamani, huunganishiwa dev mbili papo hapo. Hali ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haina kelele. Kama dev ya zamani ilikuwa na kila kitu cha main pamoja na uchafu wake, git pull husema hakuna jipya, na git status huonyesha kwamba umeitangulia seva kwa komiti kadhaa. Mtu akisoma hivyo huona ni kazi yake ambayo haijasukumwa, basi anasukuma. Seva inakubali bila kinyongo: kwake hilo ni tawi lililosonga mbele, si historia iliyobadilishwa.

Ushauri wetu wa kwanza, na tunausisitiza: msilitumie tena jina lile. Undeni dev2 au jina jingine lolote, lifuteni dev, na muwekeeni mtu kazi ya kuhakikisha halirudi. Jina jipya halina mwenzake wa zamani kwenye kompyuta ya mtu yeyote, na aina hii yote ya ajali inakwisha.

Lakini huenda mfumo wenu wa kupeleka programu kwenye seva ya majaribio umefungwa kwenye jina dev na hamwezi kuubadilisha wiki hii. Basi fanyeni hivi. Chagueni saa ambayo kila mmoja ameshasukuma kazi yake na kuacha. Anayeendesha zoezi asasishe na kuangalia kinachokwenda kuachwa:

git fetch --prune
git log --oneline origin/main..origin/dev

Orodha hiyo isomwe na watu wawili. Kisha ya zamani ipewe lebo na lebo isukumwe, ili mtu akikumbuka kitu baada ya miezi miwili aweze kukifikia:

git tag dev-ya-zamani origin/dev
git push origin dev-ya-zamani

Sasa kuna kufuta na kuunda, au kulihamisha jina moja kwa moja. Kufuta ni git push origin --delete dev, na kuunda upya ni:

git push origin origin/main:refs/heads/dev

Msifupishe refs/heads/dev kuwa dev hapo. Tawi halipo tena kwenye seva, Git haiwezi kukisia kama mnataka tawi au lebo, na itakataa.

Sisi tungehamisha badala ya kufuta. Kwenye GitHub (tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git), ukifuta tawi, maombi ya kuunganisha yaliyo wazi yanayoelekea tawi hilo hufungwa, na kuyafungua tena moja moja ni adha. Kuhamisha hufanyika kwa amri moja:

git push --force-with-lease=dev:9f02ab6 origin origin/main:dev

Namba 9f02ab6 hapo ni komiti ya mwisho ya dev, ile iliyo juu kwenye orodha ya git log. Ikiwa mtu amesukuma kitu katika dakika hizo, namba haitalingana, na Git itakataa. Ndiyo maana tunaipenda kuliko --force tupu, isiyotazama kilichopo. Kama dev ina ulinzi kwenye seva, ulinzi uondolewe kwa muda na urudishwe mara baada ya hapo.

Nusu ya kazi iliyobaki ndiyo iliyowaangusha mara ya kwanza: kompyuta sita. Kila mmoja, kabla hajaandika git pull hata mara moja, afanye hivi:

git fetch --prune --tags
git switch dev
git branch kazi-yangu
git reset --hard origin/dev

Mstari wa tatu unahifadhi dev yake ya zamani kwa jina jingine. Ni kinga ya bure, hata asiye na kazi aifanye. Wa nne hufuta pia mabadiliko yasiyofanyiwa komiti, kwa hiyo git status iwe safi kwanza. Mwenye komiti zake ambazo hazikuwa kwenye seva azihamishie juu ya dev mpya:

git rebase --onto origin/dev dev-ya-zamani kazi-yangu

Maana yake: chukua komiti zilizo kwenye kazi-yangu lakini hazimo kwenye dev-ya-zamani, uziweke juu ya origin/dev. Hapo ndipo lebo ile inapolipa gharama yake. Matawi mengine yoyote yaliyochipuka kutoka dev ya zamani nayo yahamishwe hivyohivyo, la sivyo siku ya kuunganishwa yataingia na uchafu mgongoni.

Neno kwa anayependa njia ya mkato ya git switch -C dev origin/main kwenye kompyuta yake: inafanya kazi, lakini inaifanya dev yako ifuate main ya seva. git pull inayofuata itavuta main. Ongeza --no-track.

SWALI: Nimefuta tawi malipo kwenye seva, na sasa nataka kuunda malipo/risiti. Kwangu imekubali, kwa mwenzangu git fetch inaleta kosa la "cannot lock ref". Kwa nini?
*Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Tawi ni faili, na mkwaju (/) kwenye jina ni folda. Haiwezekani malipo iwe faili na folda kwa wakati mmoja. Kwako faili limeondoka. Kwa mwenzako kumbukumbu ya origin/malipo bado imekaa mahali ambapo folda inataka kuingia. Aandike git remote prune origin, kisha git fetch. Asiyetaka kukumbuka hilo kila mara aweke git config --global fetch.prune true.

Mwenye kutaka kulihifadhi tawi la malipo anaweza kulibadilisha jina: git branch -m malipo malipo/msingi. Na mkiwa na Windows au Mac ndani ya timu, msiwe na Malipo na malipo kwa pamoja. Mifumo hiyo kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, na tawi moja linaweza kulifunika jingine.

SWALI: Ofisini bado tunatumia Subversion. Mwongozo wetu unaagiza kila tawi lifutwe na kuundwa upya likishaunganishwa na trunk (tawi kuu). Ni lazima, au ni mazoea tu?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Ilikuwa karibu lazima. Mwongozo wenu unaelekea kuandikwa zama za matoleo 1.5 hadi 1.7, ambapo kazi ya tawi ilirudishwa trunk kwa svn merge --reintegrate. Baada ya hapo trunk ilikuwa na rejesho (badiliko lililohifadhiwa kwa namba yake), tuseme r412, lenye kazi yote ya tawi. Tawi likijaribu tena kujisasisha kutoka trunk, lilivuta r412, yaani kazi yake lenyewe, na kugongana nayo. Kulifuta na kulinakili upya kutoka trunk kulikata kamba hiyo. Toleo la 1.8, lililotoka 2013, linatambua lenyewe mwelekeo wa muungano: --reintegrate haihitajiki tena na tawi linaweza kuendelea kuishi. Angalieni svn --version kwenye kila kompyuta, kwa sababu mmoja mwenye 1.7 anawarudisha nyuma wote.

Wanaolazimika kufuta:

svn delete "^/branches/ankara" -m "Limeunganishwa r412"
svn copy "^/trunk" "^/branches/ankara" -m "Linaanza upya"

Alama za nukuu ni za lazima kwenye terminali ya cmd ya Windows, kwani huko kikofia (^) ni alama maalumu na humezwa. Mwenye nakala ya tawi la zamani kwenye kompyuta achukue nakala mpya badala ya kusasisha ile.

Na kama tawi lilifutwa kimakosa, Subversion inasamehe kuliko Git: hakuna siku 30 wala 90, kila rejesho limo. svn log -v "^/branches" itaonyesha herufi D kwenye rejesho lililofuta. Ikiwa ni r430, nakili kutoka moja kabla yake:

svn copy "^/branches/ankara@429" "^/branches/ankara" -m "Kurudisha tawi"

SWALI: Nimesukuma GitHub tawi lenye nywila ya hifadhidata ndani ya faili la mipangilio. Nililifuta baada ya dakika tano. Niko salama?
*Msomaji, Kampala*

JIBU: Hapana. Badilisha nywila hiyo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Yote tuliyomweleza msomaji wa Morogoro yanageuka dhidi yako: umefuta jina, komiti ipo. Mwenye namba yake anaweza bado kuifungua kwenye tovuti, aliyevuta katika dakika hizo tano anayo kwenye kompyuta yake, na kama ulikuwa umefungua ombi la kuunganisha, GitHub huweka rejeo la kudumu la ombi hilo. Mtu yeyote mwenye ruhusa ya kusoma hazina anaweza kuandika git fetch origin pull/27/head:kopi na kulipata tawi lote, 27 ikiwa namba ya ombi. Usafishaji wa komiti kutoka kwenye hifadhi ya GitHub hufanywa na wao wenyewe, kwa kuwaandikia kitengo chao cha msaada.

Kama seva ni yenu wenyewe, ingieni kwenye hazina iliyo huko na muendeshe:

git reflog expire --expire=now --all
git gc --prune=now

Ya pili ndiyo amri tuliyomwonya msomaji wa kwanza asiiguse, na seva yenu ikiwa na tawi jingine au lebo inayofikia komiti ile, amri hizi mbili hazitaiondoa. Kagueni kwanza kwa git branch --contains na git tag --contains pamoja na namba ya komiti. Likiwapo jina linaloifikia, itawabidi kuandika upya historia ya tawi hilo kwa git filter-repo, na wenye nakala wote wapakue mradi upya.